Kuba la Pili

La kwanza lilipasuka Juni, saa moja asubuhi,
jalidi bado nyeupe juu ya majani ya viazi.
Obadia alikuwa na haraka. Akaishika keekee:
tundu moja tu, dogo kama tundu la sindano ya magunia,
na plastiki ikasema ta.
Haukuwa mlio mkubwa. Ufa ukatembea wenyewe,
polepole, kama mtu anayeijua njia ya kwao,
toka ukingoni hadi pale kichwa cha rubani kingekaa.
Hakutukana. Alikaa juu ya kreti,
akaomba chai, akaisahau mkononi.

Mwaka mzima tukasubiri la pili.
Lile lenye ufa nililichukua mimi, nikalifunika kitaluni,
na miche ya kabichi haikujua
imelala chini ya paa la ndege.
Jalidi haikuigusa. Niliiuza yote Njombe mjini.
Fedha ile ndiyo iliyolipa ushuru bandarini,
ingawa Obadia husema ni nusu.

Sasa ni Novemba, na bado Uwemba ni Uwemba.
Tumewasha majiko matatu tangu alfajiri
ghalani, kati ya mbao za paini,
kisha tukayatoa nje kabla ya kufungua spiriti.
Kipimajoto cha vifaranga kinaning'inia kwenye bawa:
ishirini na nne.
"Leo hatutoboi," anasema. "Leo tunagandisha."

Hakunichagua kwa mapenzi.
Mimi ndiye ninayepamba keki za harusi,
mkono wangu huminya krimu mzunguko mzima
bila mstari kukatika.
Yake hutetemeka tangu lori lilipomshinda Kitonga.

Kwanza msasa, ukingoni kote,
mpaka ule mng'ao ufe.
Iliniuma, kuchafua kitu kilichokuja safi hivi
kimevikwa karatasi kama maiti wa heshima.
Lakini kitu laini mno hakishikiki.
Kisha tepu. Kisha kitambaa cha spiriti,
upande mmoja tu, usirudi ulikotoka.

"Kwa nini tusikaze kwa skrubu?"
"Plastiki hutanuka juani, usiku hujikunja.
Chuma kina mwendo wake. Ukivifunga kwa nguvu
kimoja kitampasua mwenzake.
Gundi ni nene, inavumilia. Iachie nafasi."
Nikamtazama kama anajua anachosema.
Alikuwa anatafuta koleo.

Dakika kumi na mbili, basi.
Gundi nyeusi ikatoka kama kinyesi cha mbuzi mgonjwa,
halafu ikatulia, ikawa kamba, ikawa njia.
Nilipita kona ya nyuma nikiwa nimebana pumzi.
Mzee Kilasi wa mashine ya kusaga na wanawe wawili
wamelibeba kuba, wanalitazama kuliko wanavyotazama miguu yao.
"Mkia kwanza. Shusha. Shusha. Hapo.
Zuberi, ondoa kidole!"
Lilikaa. Soksi zilizojaa mchanga tukazilaza juu yake,
kumi na tisa, nyingine za sare ya shule.
Tepu nikaibandua kabla gundi haijatengeneza ngozi,
na pale kushoto, nyuma ya kiti,
dole gumba langu limebaki ndani yake.
Sijamwambia.

Siku ya tatu aliingia, akalifunga.
Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi la mbao,
mabati yanapiga kelele kama kawaida,
na yeye mle ndani ametulia,
midomo inasema kitu, labda majina ya vipimo.
Pumzi yake ikaanza kutanda ukungu.
Akainua mkono, na mkono wa sweta.
"Siyo sweta! Obadia! Utakwaruza!"
Hakusikia.
Akafikiri ninamuaga,
akanipungia.