Gololi ya Nahuel

Maziwa lita tatu, ya ng'ombe wa don Eulogio,
bado yana povu, bado yananukia zizi.
Sukari nimeipunguza,
maana dukani kwa Zulma daftari la deni limenichoka.
Magadi, ncha ya kijiko tu.
Vanila hatuna. Tuna ganda la limau.

Nje, Durazno imeganda. Ni mwezi wa saba,
mto Yí umejifunga ukungu hadi kiunoni,
na watoto watatu wa kaka yangu, na wawili wa jirani,
wamejaa jikoni kwangu kama vifaranga kapuni.

"Shangazi, tutachovya nini?"
Matufaha mawili, nimeyakata membamba kama karata.
Ndizi moja yenye madoa.
Biskuti zilizovunjika, zinazouzwa kwa kupimwa.
"Na tutachovya kwenye nini?"
Hilo ndilo swali. Kaeni.

Mama aliniachia siri moja ya sufuria:
tia gololi ndani.
Itatembea chini, itagonga,
itakoroga pale mwiko usipofika,
maziwa yasishike.
Yake ilipotea mwaka tuliohama.
Nikauliza: nani ana gololi?
Kimya.
Kila mtu akashika mfuko wake.

Ni Nahuel, wa miaka sita, asiyesema sana,
aliyetoa yake, ya pekee,
ya kijani, na uzi wa njano ndani kama jicho la paka.
"Nakuazima," akasema. "Sikupi."

Nikaiosha, nikaichemsha, nikaidondosha.
Ti. Ti-ti. Ti.

Saa ya kwanza, maziwa ni maziwa.
Ukiyatazama hayabadiliki,
ukigeuka yanapanda, yanataka kuukimbia moto.
Saa ya pili, rangi ya karatasi ya barua za zamani.
Belkis amechora farasi kwenye mvuke wa dirisha.
Ramiro amepigana na ndugu yake, wamepatana, wamepigana tena.
Ti-ti imekuwa tu, tu,
kama mtu anayegonga mlango
akiwa amevaa glavu.

Nikatoka kuanua nguo.
Zilikuwa zimekakamaa kwa baridi;
suruali ya kaka yangu ingeweza kusimama yenyewe.
Nikiwa na kibanio mdomoni nikasikia:
hakuna sauti.
Nikaiangusha suruali kwenye tope, nikakimbia.

Nahuel alikuwa juu ya kigoda,
mwiko kwa mikono miwili, anakoroga, analia.
"Imenyamaza, shangazi. Imekufa?"
Nikatazama ndani. Rangi ya farasi wa don Eulogio
akitoka kuogeshwa.
Nikainua mwiko: uzi mzito, mrefu, usiotaka kukatika.
"Haijafa, baba. Imeshiba."

Mchovya asali hachovyi mara moja;
mchovya hiki haulizwi idadi.
Ramiro alichovya tufaha, akachovya biskuti,
akachovya kidole, akachovya mkono wa sweta.
Ndizi haikuonekana ilikoishia.
Belkis alikula kwa adabu mpaka nilipompa kisogo.
Kulikuwa na ladha ya moshi chini, kidogo,
pale nilipochelewa. Hakuna aliyelalamika.
Nami sikusema.

Gololi tuliipata mwishoni, kwa uma.
Nahuel hakutaka ioshwe.
"Usiitie mdomoni," nikamwambia.
Akaishika kwa vidole viwili kwenye mwanga wa taa
akailamba kwa ncha ya ulimi,
taratibu, upande kwa upande,
kisha akaitia mfukoni, na ikabaki huko
na makombo, na mchanga, na uzi wa soksi.

Jumatatu, uwanjani mwa shule, haikubingirika.
Ilikwenda hatua moja, ikanata.
Akashindwa mchezo wa kwanza,
na Ramiro akaichukua kwa haki.
Wanasema aliinusa.
Wanasema alitazama kushoto, akatazama kulia.

Jioni alibisha hodi, yeye na Nahuel bega kwa bega,
kiganja wazi, gololi safi inang'aa kwa mate.
"Shangazi, unapika lini tena?
Safari hii anayeazima ni mimi."