Harufu ya Zabibu

Juni hii Loleza umejitanda ukungu hadi mabegani,
nyasi za Uyole zimeamka na sakitu,
na mahali penye joto kuliko pote Mbeya
ni kabati langu la chuma, nyuzi thelathini na tano,
ambamo bakteria wamelala kama wana wa chifu.

Ugonile, nawaamkia nikifungua mlango.
Hawaitiki. Wameota.

Jana ilikuwa pamba tu kwenye ncha ya kijiti,
usaha wa mshono, na lebo ya kalamu inayokata wino:
Subilaga Mwakalobo, miaka thelathini na minne,
wodi ya wazazi, kitanda cha kumi na moja.
Alishuka kutoka Uporoto na mimba yake
na kiroba cha viazi cha kuwashukuru wauguzi.
Mtoto alitoka salama. Alilia kwa nguvu, wanasema.
Siku ya tano mshono ukaachama
kama mdomo unaotafuta neno.

Neno lenyewe nimekabidhiwa mimi,
kwenye sahani ya damu ya kondoo iliyogandishwa kwa mwani.
Asubuhi hii ni kijani, kijani cha shaba iliyozeeka.
Chuoni tulikatazwa kunusa sahani,
lakini pua haina adabu:
zabibu, zabibu mbivu zilizosahauliwa mfukoni.

Namwaga zambarau, nasuuza.
Namwaga iodini, nasuuza.
Spiriti, na zambarau yote inakimbia,
inabaki haya ya wekundu.
Kwenye darubini: vijiti, vijiti,
njiti za kiberiti zilizomwagika sakafuni gizani.
Naupaka mmoja ujukuu wake kwenye karatasi, nahesabu,
moja, mbili, tatu, nne,
sikufika kumi; karatasi imeiva rangi ya kunde.

Sudomonasi.
Gwamaka, kijana wa mafunzo, humwita Mpenda-maji,
maana hakai pakavu.

Nilikuwa nimempangia vidonge sita vya karatasi, dawa sita.
Vitano amevisogelea hadi mlangoni, akaota hapohapo,
akaegemea ukuta.
Cha sita pekee kimejifyekea uwanja.
Hiyo dawa, dozi ya siku moja
ni bei ya magunia mawili ya viazi,
na Subilaga alikuja na kiroba.

Basi amemtoa wapi?
Nikapanda wodini na kopo la vijiti.
Bomba la sinki: hayumo.
Ndoo ya deki: wamo wengine, yeye hayumo.
Reli ya kitanda, kitasa, viganja kumi na viwili vya wauguzi
walionipa mikono huku wametazama kando
kama watoto wanaokaguliwa kucha.
Hayumo, hayumo.
Chupa ya dawa ya kusafishia vidonda.

Nilijua kabla sijafunua.
Zabibu.

Sista Tumwitike hakubisha.
Alikaa kwenye stuli, akavua kofia, akaishika magotini.
"Wanatupa lita moja mpaka mwisho wa mwezi.
Niliongeza maji. Kidogo.
Kama mchuzi, wageni wakizidi."
Halafu akauliza kama Subilaga atapona,
nikamwambia mimi ni mtu wa maabara.

Jibu gani hilo.
Nimetembea nalo koridoni hadi chini,
likiniwasha.

Sasa fomu iko mezani.
Kuna mstari wa jina la mdudu. Nimejaza.
Kuna mstari wa dawa anayoiogopa. Nimejaza.
Kuna mahali pa saini, pa tarehe, pa saa.
Nimetafuta mbele, nimegeuza nyuma:
hakuna mstari wa lita moja,
hakuna mstari wa mkono uliotaka itoshe wote.

Nimeandika pembeni, herufi ndogo ndogo,
jinsi nafasi ilivyoruhusu.
Gwamaka amegonga mhuri.
Mhuri umefunika nusu.