Reale ya Mzinga

Bwana Taibali alikuja Langoni na mizani ya sonara,
glavu nyeupe, kioo cha kukuzia jichoni.
Mama akafungua fundo la leso.

Sisi tuliiita mizinga: miwili, imesimama wima.
"Nguzo," akasahihisha. "Na hizi hapa ni dunia mbili,
moja imeilalia nyingine, chini yake mawimbi.
Fedha ya Wahispania, iliyochimbwa Amerika,
ikapigwa chapa Meksiko,
mwaka elfu na mia saba na arubaini na moja."
Aliutaja mwaka ule kama mtu anayetaja mchumba.

Kisha akaliona tundu.

Akashusha pumzi. Akavua glavu moja.
"Ingekuwa nzima ningewapa bei ya paa zima.
Hii, elfu sita. Tundu limeiua."

Tundu lile alilitoboa Mwana Shufaa bint Shee
kwa msumari, bibi yangu akiwa na siku saba,
kitoto kilichokataa ziwa na kulia kila magharibi.
Uzi mweusi, shingoni. Kikanyonya.

Paa letu linavuja mahali patatu.
Sitasema uongo: nilimkasirikia marehemu
na msumari wake.

Mama alihesabu noti mara mbili.
Bwana Taibali akaandika kwenye kadi, mwandiko safi:
Meksiko, 1741. Imetobolewa.
"Andika na nani," nikamwambia.
Akaigeuza kadi, akatafuta, kweli alitafuta.
"Hapana nafasi."

Uzi alituachia.
Hakuuweka hata kwenye mizani.