Jicho la Bastola

Bytom, Jumapili ya kwanza ya Februari, saa kumi na mbili kasorobo,
theluji imechanganyika na masizi, na mimi, tochi mdomoni,
nimeinamia boksi la ndizi la Bi Truda.
Sitafuti gemu. Gemu kila mtu anazo.
Mimi ni mtu wa vikorokoro:
adapta iliyotengenezwa miaka miwili tu kisha ikasahauliwa,
kifuniko cha betri (ndiyo, kifuniko; nimewahi kupanda treni hadi Ostrava
kwa ajili ya kifuniko),
zulia la kukanyagia ambalo panya wa mtu walianza kulila upande wa kushoto,
waya wa padi uliojisokota kama utumbo wa kuku.
Otylia, mke wangu, huniuliza mashine yenyewe iko wapi.
Namwambia, mashine ni ya wote, vifuasi ni vya mwenye kujua.
Anasema, kumbe nimeolewa na tajiri wa vishikizo asiye na shati.

Chini ya pasi na viatu vya mgodini nikaiona.
Bastola ya kijivu, mpini umezungushiwa utepe wa fundi umeme,
kifyatulio cha rangi ya chungwa iliyopauka,
na lenzi iko mdomoni kabisa mwa mtutu, haikuzama ndani kama za baadaye.
Toleo hilo nalijua kwa tatu tu; mbili anazo bwana mmoja wa Gdynia
asiyejibu barua.
Moyo uliruka, uso nikaukausha.
"Hii ya nini?" nikauliza, kama mjinga.
"Ya marehemu. Na ya Bercik. Toa ishirini."
Nikatoa ishirini. Mwizi hapatani bei.

Wengi hawajui: bastola ile hairushi kitu.
Inapokea.
Ukifyatua, kioo huzimika kufumba na kufumbua,
kisha pale alipo ndege huwaka mraba mweupe,
na jicho la mtutuni hujiuliza: nimeuona?
Ndiyo maana inataka televisheni ya chogo.
Hizi bapa huchelewa kujibu, na jicho lile halina subira.
Yangu ina uzito wa kilo thelathini na moja, iko stoo, jirani na viazi.

Nikafyatua. Ndege akapita zake.
Nikafyatua nimegusisha mtutu na kioo. Akapita zake.
Nikamulika lenzi: doa jeusi, la mviringo wa yai,
lenye vijistari vyembamba, kimoja ndani ya kingine.
Sikujiuliza. Mkono wa mkusanyaji umezoea kusafisha.
Pamba, spiriti, mizunguko mitatu,
pamba ikatoka nyeusi tii kama kibanzi cha makaa.
Ndege akaanguka. Wa pili akaanguka. Nikapiga kelele peke yangu na viazi.

Kebo ilikuwa inacheza, kwa hiyo nikafungua skrubu za mpini.
Ndani, karatasi iliyokunjwa hadi ikawa kama kipande cha sabuni.
Penseli, mwandiko wa mtoto:

Bercik 14, Baba 0
Bercik 9, Baba 0
Bercik 22, Baba 0 (katoka zamu ya usiku)
Baba 1!!!
Bercik 17, Baba 0

na sifuri, na sifuri, mpaka ukingoni.

Nilikaa juu ya gunia la viazi.
Nikaishika bastola kama mtu mwenye vidole vinene angeishika,
mtoto akiwa amekodolea kioo macho,
na kidole gumba cha mkono wa pili, taratibu,
kikafika chenyewe mdomoni mwa mtutu.

Bwana wa Gdynia ana mbili. Zote safi.

Kwenye rafu, kati ya kifuniko cha Ostrava na ile adapta,
kuna mfuko mdogo wa nailoni wenye pamba nyeusi.
Kila kitu pale nimekiandikia bei, mwaka na hali yake.
Otylia, anayeuliza yote, alipoufikia akiwa na kitambaa cha vumbi
aliuzunguka.