Kijino

Karatasi imebandikwa dukani kwa Torvald, kando ya friji ya minyoo:
tangu Mei, ndoana isiwe na kijino;
trauti mmoja kwa siku, si watano;
azidiye sentimita hamsini arudishwe majini akiwa hai.

Verlin anasoma mara mbili. Anaguna.
Nje, barafu ya Minesota inapasuka ziwani.

Nyumbani anafungua kisanduku cha marehemu Ardis,
nzi wa manyoya aliowafunga kwa mkono wake,
awavunje vijino kwa koleo.

Wa kwanza hana.
Wa pili hana.
Wote thelathini na mmoja,
laini kama sindano ya kushonea.

Miaka arobaini alirudi mikono mitupu.
"Wameniponyoka," husema,
naye Verlin hucheka, akikaanga wake.