Toa Katika Ishirini

Sheboygan, Januari. Ziwa limeganda,
tanuri la chumba cha chini linakohoa,
nami nimetoka zamu ya usiku kiwandani,
kucha zimeshika rangi nyeupe ya mabafu.
Nimefungua daftari nililoandika
nikiwa na miaka kumi na minne.

Zamani ngao ilihesabiwa kinyumenyume:
namba ikishuka, ngozi inakuwa ngumu.
Joka la chumvi lilikuwa na sifuri, tukatetemeka.
Kanuni mpya zimegeuza mambo,
namba kubwa ndiyo ukuta,
basi natoa katika ishirini.
Ishirini toa sita, kumi na nne.
Ishirini toa mbili, kumi na nane.
Popo wa mvuke, kaa mwenye sura ya padri,
mmoja mmoja wanapita chini ya penseli
kama ng'ombe kwenye josho.

Mengine hayatoleki.
"Huonekana: watatu hadi thelathini."
Thelathini! Nani alikuwa na muda wa kupigana na thelathini?
Sisi. Tulikuwa na Ijumaa nzima na soseji za kuchoma.
"Sumu: ukikosa dadu, kufa."
Kufa, nukta, mstari unaofuata.
Kitabu kipya kina huruma ya muuguzi:
ukose mara tatu ndipo ufe,
lala usiku mmoja, uamke mzima.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, ndivyo isemwavyo.
Haya yangu hayakumjua mtu.
Yalikula yakamaliza, yakaramba na sahani.

Ukurasa wa thelathini na moja: Mfuta-Majina.
Mrefu, mkavu, vidole vya mpira.
Akikugusa haipungui damu, unapungua wewe.
Mwamuzi huchukua kifutio, kifutio cha kweli,
akalifuta jina lako kwenye karatasi yako
huku unatazama.
Niliona ni werevu mkubwa.
Miaka kumi na minne, nimeshasema.

Rollie Haack alikuwa na mpiga-upinde,
Wrenna wa Kinamasi.
Amemlea miezi kumi na minane,
amemchorea hata kamba za viatu.
Nilifuta.
Nilipuliza vumbi la mpira, likamwangukia mapajani.
Akavaa koti bila kufunga zipu, akapanda ngazi.
Tulisoma pamoja miaka minne zaidi
tukipishana kwenye korido kama watu wenye haraka.

Sasa mwanawe, Anders, huja na binti yangu Maren.
Dadu zake za bluu anazitia kwenye soksi.
Juzi akaniomba mazimwi ya kale,
"yale ambayo baba alikuwa anayaogopa."

Alimwambia nini?

Nimeandika: akigusa, mchezaji arushe dadu mbili, ashike iliyo ndogo.
Nimekata.
Nimeandika: jina hurudi baada ya mapumziko marefu.
Nimekata. Hilo ni zimwi au mafua?
Nimeandika: wenzake wote mezani
wakilikumbuka jina lake na kulitamka,
halifutiki.
Hiyo nimeiacha. Sina hakika nayo,
haina hesabu popote kitabuni,
na Maren, akimkasirikia mtu, anaweza kunyamaza makusudi.
Labda hapo ndipo hofu ilipo.

Karatasi yenyewe ninayo. Niliikuta chini ya kiti usiku ule,
nikaibana katikati ya daftari
kama mtu anayeficha barua ya deni.
Iinamishe kwenye taa: alikuwa akikandamiza sana penseli,
W bado imechimbika, na n zote mbili.

Ijumaa, saa nne usiku, Rollie atakuja kumchukua mtoto.
Hashuki garini. Huacha injini ikinguruma,
vioo vimejaa ukungu, huoni kama ni mtu au koti.
Ningeweza kumpa Anders ampelekee.
Maren angepanda mbio, angegonga kioo, mara moja tu.

Ngazi ni kumi na tatu.
Nimezihesabu leo, nikishuka na kahawa,
na tena nilipopanda kutafuta kifutio.