Sekunde Kumi na Moja

Emrys Probert aliutungia muziki mlango ukifunguliwa:
sekunde kumi na moja, filimbi na fidla mbili,
halafu maiti kwenye zulia, na ala zote kimya.
Ndiyo kazi yenyewe, aliniambia, Cardiff,
mvua ikipiga bati la gereji aliyoigeuza studio:
kujua pa kunyamaza.

Mimi nilikuwa mnakili wake. Wino, rula, chai iliyopoa.
Saa nane za usiku simu inalia kutoka London:
busu la kwenye filamu limefupishwa, toa sekunde nne.
Akalipunguza kama fundi apunguzavyo suruali ya mteja,
bila kuuliza limewakosea nini.

Jukwaani alipigiwa makofi Swansea,
mchezo ukafungwa wiki ile ile.
Televisheni ndiyo iliyolipa nyumba. Jina lake
lilipita chini ya kioo mbiombio
watu wakiinuka kwenda chooni.

Hospitalini muuguzi alitandika akiimba, midomo imefumbwa,
wimbo wa ule mlango.
Nikafunua kinywa nimwambie. Emrys akanibana kidole.
Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha kwa sauti ya kukwaruza:
"Nota ya tatu, dada. Ishushe kidogo."

Akaishusha,
akaondoka na mashuka machafu.